Rilei Inayojikagua Yenyewe: Tuipime Nini, na Tuipime Vipi?

Swali: Mimi ni fundi wa mifumo ya ulinzi wa umeme. Tumeondoa rilei (vifaa vinavyogundua hitilafu ya umeme na kuamuru ikatwe) za zamani za diski na kufunga za kidijitali kwenye laini na transfoma zetu. Msimamizi wetu anasema rilei hizi zinajikagua zenyewe usiku na mchana, kwa hiyo kuzipima ni kupoteza muda. Mwenzangu ambaye ni mkongwe wa kazi hii anataka tupime kila kipengele kila mwaka kama tulivyozoea. Nani yuko sahihi? Tena, nilipoijaribu rilei ya tofauti ya mikondo (inayolinganisha mkondo unaoingia na unaotoka) ya transfoma ya kundi YNd11 kwa kuingiza mkondo wa fezi moja, mpangilio ukiwa 0.20 ya mkondo kamili wa transfoma, ilianza kufanya kazi kwenye 0.30 upande wa nyota na karibu 0.35 upande wa delta. Je, rilei ni mbovu?

Jibu: Ndugu fundi, naanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa huenda kuna mtu anasubiri uamuzi wako kabla ya kuwasha transfoma: rilei hiyo si mbovu. Namba mbili ulizozipata ndizo ambazo rilei nzima yenye mpangilio wa 0.20 hutarajiwa kutoa kwa mkondo wa fezi moja, na nitakuonyesha hesabu yake. Hesabu hiyo itaeleweka vizuri zaidi tukishajibu lile swali la kwanza, maana yaliyokupata ni mfano halisi wa mvutano wenu: ulichukua jaribio lililoitosha rilei ya diski ukaliweka kwenye kifaa kinachofanya kazi kwa namna nyingine kabisa.

Mwenzako anapodai kipimo cha kila mwaka, anasema kutokana na mambo aliyoyaona kwa macho yake. Rilei ya diski ilikuwa mashine yenye diski ya alumini inayozunguka, springi ya kuirudisha, sumaku ya kuipunguzia kasi na beringi za kuibeba. Vumbi likiingia diski hukwama, springi ikilegea rilei huanza kazi mapema, beringi ikichakaa muda huongezeka. Rilei iliyopimwa vizuri mwaka jana haikuwa na sababu ya kuaminiwa mwaka huu, na fundi aliyeirekebisha kwa bisibisi alikuwa anatengeneza kosa lililotokana na muda wenyewe. Rilei ya kidijitali haina kitu cha namna hiyo. Mkondo unapita kwenye transfoma ndogo iliyo ndani yake, unapimwa mara nyingi katika kila mzunguko wa mawimbi, unageuzwa kuwa namba, na kuanzia hapo kila kitu ni hesabu. Muda wa mkunjo wa kawaida wa IEC (shirika la kimataifa la viwango vya umeme), yaani muda ambao rilei hungoja kabla ya kukata, ni kizidishi cha muda mara 0.14, kugawanya kwa M iliyopandishwa kwenye kipeo cha 0.02 kisha ikatolewa 1, ambapo M ni idadi ya mara ambazo mkondo umezidi mpangilio. Kanuni hiyo haipati kutu. Ukichora nukta 20 za mkunjo huo mwaka huu, ukazirudia mwaka ujao na mwaka wa tatu, utakuwa unahakikisha kwamba processa bado inajua kugawanya, jambo ambalo processa yenyewe inalichunguza kwa kina kuliko utakavyoweza wewe na mashine yako ya majaribio.

Hapo msimamizi wako yuko imara. Rilei hizi huchunguza kumbukumbu yake, programu yake, kigeuzi cha mawimbi kuwa namba na volteji za ndani za kisambazaji chake cha umeme, na zikigundua kasoro hujifungia zisitoe amri yoyote, huku zikiachia kontakti ya tahadhari ili kengele ilie. Lakini uchunguzi huo unaishia kwenye ukuta wa kasha la rilei. Rilei haijui kama waya uliotoka kwenye kontakti yake umefika kwenye koili ya kukatia ya breka (swichi kubwa inayokata umeme) au umechomoka njiani. Haijui kama transfoma ya mkondo, ile inayoupunguza mkondo wa laini ili rilei iweze kuupima, imeunganishwa kinyumenyume. Haijui kama uwiano ulioandikwa kwenye mipangilio ndio uwiano ulio kwenye transfoma halisi. Kontakti yake ya kutoa amri, ambayo huenda haijafunga hata mara moja kwa miaka 5, haiwezi kujijaribu bila kukata breka. Zaidi ya hayo yote, rilei haijui kama mipangilio iliyopewa ina maana. Itaitii ilivyo, kwa usahihi wa kupendeza, hata kama inakwenda kuzima nusu ya gridi.

Jambo hilo la mwisho si la kufikirika. Tarehe 9 Novemba 1965, rilei ya akiba kwenye mojawapo ya laini tano za kV 230 zilizotoka kwenye kituo cha Sir Adam Beck namba 2, upande wa Kanada wa maporomoko ya Niagara, ilikata laini isiyokuwa na hitilafu yoyote. Mpangilio wake ulikuwa chini ya mzigo ambao laini ilibeba jioni ile. Mzigo ukahamia kwenye laini nne zilizobaki, nazo zikakatwa, na watu wapatao milioni 30 wakakaa gizani. Tarehe 14 Agosti 2003 yalijirudia kwa sura nyingine kwenye laini ya kV 345 kati ya Sammis na Star, katika jimbo la Ohio: volteji ilikuwa imeshuka, mkondo wa mzigo ulikuwa mkubwa, na kanda ya 3, ile ya mbali, ya rilei ya umbali (inayokadiria hitilafu iko umbali gani kwa kugawanya volteji kwa mkondo) ikausoma mzigo ule kuwa ni hitilafu ya mbali. Laini hiyo ilipokatika, gridi ya kaskazini mashariki mwa Marekani na sehemu ya Kanada ilianza kuporomoka, na watu wapatao milioni 50 walikosa umeme. Ukizichukua rilei za siku zile mbili ukazipima mezani kwa kuzilinganisha na mipangilio yake, zote zitafaulu. Ndiyo maana nakusihi kwamba kila kipimo kianze kwa kuuliza mipangilio ilitoka wapi, ilikokotolewa kwa mtandao wa mwaka gani, na kama mzigo wa leo bado unaipitia kwa nafasi ya kutosha.

Jibu langu kwa mvutano wenu, basi, ni kwamba kipimo kielekezwe kule ambako rilei haioni. Hili limeshaingia hata kwenye kanuni. Katika Amerika ya Kaskazini, kanuni ya NERC (shirika linalosimamia uaminifu wa gridi huko) inayoitwa PRC-005 inaruhusu rilei ya kidijitali isiyofuatiliwa ikae hadi miaka 6 kati ya ukaguzi mmoja na mwingine, na ile inayojikagua na kupeleka kengele mahali ambapo mtu atachukua hatua ikae hadi miaka 12. Angalia wanachotaka kikaguliwe: kwamba mipangilio ni ile iliyokusudiwa, kwamba maingizo na matokeo muhimu ya rilei yanafanya kazi, na kwamba rilei inasoma sawasawa mikondo na volteji za mfumo. Hakuna anayedai nukta 20 za mkunjo. Koili ya kukatia, kwa upande wake, inatakiwa ithibitishwe kila miaka 6 kwamba inaweza kweli kuiendesha breka, kwa sababu ni kifaa cha chuma na springi kama zamani. Hata kama nchi yako ina utaratibu mwingine, mantiki hiyo inabaki. Na usiruke sharti la kengele: kama kontakti ya tahadhari ya rilei zenu haijaunganishwa popote, au imeunganishwa na taa ambayo hakuna anayeitazama, hoja nzima ya msimamizi wako inaanguka, kwa kuwa rilei inaweza kuwa imejifungia tangu mwezi uliopita na hakuna aliyeambiwa.

Tuje sasa kwenye kazi yenyewe. Kabla ya kuingiza hata milliampia moja, tenga njia zote ambazo amri ya rilei inaweza kupitia. Mafundi wengi wanakumbuka kutenga koili ya breka ya laini wanayoipima, wakasahau ishara inayoanzisha ulinzi wa breka iliyoshindwa kukata. Rilei inatoa amri, mkondo wa majaribio unaendelea kupita kwa kuwa mashine yako bado inausukuma, saa ya ulinzi huo inahesabu sehemu ndogo ya sekunde, inaona kwamba mkondo haujakatika, kisha inakata breka zote za basibaa, yaani vyuma vinavyounganisha laini zote za kituo. Ishara ya kukata inayotumwa upande wa pili wa laini ni mtego wa aina hiyo hiyo. Kaa na michoro ya nyaya, fuata kila kontakti ya kutoa amri mpaka inakofika, na andika kila linki (kiungo cha waya kinachofunguliwa kwa mkono) uliyoifungua kwenye karatasi itakayobaki mezani hadi mwisho.

Kuhusu transfoma za mkondo, unajua hatari yake, lakini nitairudia. Sekondari ya transfoma ya mkondo yenye mzigo ikiachwa wazi, volteji kwenye ncha zake inaweza kupanda hadi maelfu ya volti, ikamuua mtu au kuichoma transfoma. Fupisha kwanza upande wa transfoma, pitisha ampimita ya kubana juu ya waya uliotumia kufupisha, ona kwa macho yako kwamba mkondo wa mzigo umehamia hapo, ndipo ufungue linki. Bloku za majaribio zinazofupisha zenyewe ni nzuri, lakini ampimita ni shahidi wa bei ndogo na sioni sababu ya kumwacha.

Kanuni ninayoishikilia kuliko zote katika kuingiza mkondo ni hii: usibadilishe mipangilio ili kupima. Mazoea ya kuzima hatua moja ya ulinzi ili kuipata nyingine yametokana na zama za diski, na kwenye rilei ya kidijitali ni hatari kwa njia mbili. Kwanza, unapima rilei ambayo haitakuwepo kazini. Pili, siku moja utasahau kurudisha. Mara nyingi hakuna haja ya kufanya hivyo. Kinachotakiwa ni kuchagua vizuri mahali pa kuipigia rilei. Chukua ulinzi wa mkondo uliozidi wenye mkunjo wa kawaida wa IEC, kizidishi cha muda 0.2, pamoja na hatua ya papo hapo iliyowekwa kwenye mara 8 ya mpangilio. Kwa mkondo wa mara 2 kanuni inatoa sekunde 2.01, na kwa mara 5 inatoa sekunde 0.86. Nukta ya mara 10, ambayo wengi huipenda, ingetoa sekunde 0.59, ila hatua ya papo hapo itakata kabla. Usiizime. Pima nukta mbili za kwanza, zikithibitisha mkunjo na kizidishi chake basi mkunjo umethibitika. Kisha piga mara 10 ili uone hatua ya papo hapo ikikata kama inavyotakiwa. Ulinganishe na ustahimilivu ulio kwenye kitabu cha mtengenezaji, ambao mara nyingi huwa karibu 5% pamoja na milisekunde chache, na ukumbuke kwamba muda unaoupima unabeba pia muda wa kontakti kufunga.

Kwenye rilei ya umbali mantiki ni hiyo hiyo. Ikiwa kanda ya 1 imefika 80% ya laini na kanda ya 2 imefika 120%, hitilafu uliyoiweka kwenye 100% iko nje ya kanda ya 1 na ndani ya kanda ya 2, kwa hiyo muda wa kanda ya 2 utajitokeza wenyewe bila kuzima chochote. Lakini rilei hii ina kumbukumbu na akili za ziada, na lazima uipe muda wa kuuona mfumo ukiwa mzima. Ukitoka kwenye hali isiyo na volteji wala mkondo ukarukia moja kwa moja kwenye hitilafu, rilei inaweza kudhani kwamba laini imewashwa sasa hivi juu ya hitilafu, ikakata papo hapo, nawe ukaandika kwamba kanda ya 2 haina muda. Ukishusha volteji ya fezi moja bila kuongeza mkondo, inaweza kudhani kwamba fyuzi ya transfoma ya volteji imekatika na kuuzuia ulinzi wa umbali. Weka kwanza sekunde kadhaa za volteji kamili na mzigo wa kawaida, kisha hitilafu, kisha hali ya baada ya kukatwa.

Kuna dalili moja ya rilei ya umbali ambayo imewapotezea mafundi siku nzima. Hitilafu za fezi kwa fezi zinaangukia mahali pake barabara, lakini za fezi kwa ardhi zinaonekana kufika mbali mno au karibu mno. Usitafute kasoro kwenye rilei. Kipimo cha hitilafu ya ardhi kinategemea kipengele cha kufidia mkondo wa ardhi, k0, ambacho ni impidansi ya mfuatano sifuri (kwa mikondo iliyo sawa na ya wakati mmoja kwenye fezi tatu) ikitolewa ya mfuatano chanya (kwa mikondo ya kawaida iliyosawazika), kisha ikagawanywa kwa mara 3 ya hiyo ya mfuatano chanya. Watengenezaji wengine wanakiandika kama ukubwa na pembe, wengine kama uwiano wa ukinzani peke yake na uwiano wa riaktansi peke yake. Ukikiingiza kwenye mashine ya majaribio kwa muundo wa mtengenezaji mwingine, mashine itatengeneza hitilafu ya ardhi isiyokuwa ile unayoidhania, na rilei itaijibu kwa uaminifu.

Hilo linatupeleka kwenye transfoma yako, kwa sababu kilichokupata ni cha ukoo huo huo. Transfoma ya YNd11 ina vilima vya nyota vyenye nyutro iliyounganishwa na ardhi upande wa volteji kubwa, na vilima vya delta upande mwingine. Hitilafu ya ardhi ikitokea nje, upande wa nyota, mkondo wa mfuatano sifuri unapita kwenye vilima vya nyota na kuonekana kwenye transfoma za mkondo za upande huo. Upande wa delta mkondo huo unazunguka ndani ya vilima na hautoki kwenye laini. Rilei ingeona mkondo upande mmoja usiokuwa na mwenzake upande mwingine, na ingekata transfoma nzima kwa hitilafu isiyoihusu. Zamani tuliliepuka hilo kwa kuziunganisha transfoma za mkondo kwa delta upande wa nyota. Rilei ya kidijitali inaliepuka kwa hesabu: upande wa nyota inatoa mkondo wa mfuatano sifuri kwenye kila fezi.

Sasa fuata mkondo wako. Uliingiza 0.30 kwenye fezi A peke yake. Mfuatano sifuri ni theluthi ya jumla ya fezi tatu, yaani 0.10. Rilei ikautoa, fezi A ikabaki na 0.20, na fezi B na C, ambazo hukuziingizia chochote, zikapata 0.10 kila moja kwa alama ya kutoa. Fezi A imefika 0.20, ambao ndio mpangilio, na rilei imeanza kazi. Kama ungetazama skrini wakati ule, ungeona mikondo ya tofauti imeandikwa 0.20, 0.10 na 0.10, na skrini hiyo ingekueleza habari yote. Upande wa delta, rilei inazungusha mikondo kwa nyuzi 30 ili ilingane na upande wa nyota, na inafanya hivyo kwa kutoa fezi moja kwenye nyingine na kugawanya kwa kipeuo cha pili cha 3, yaani 1.732. Mkondo wa 0.346 kwenye fezi moja, ukigawanywa kwa 1.732, unatoa 0.20 kwenye vipimo viwili na sifuri kwenye cha tatu. Hiyo ndiyo 0.35 yako. Ili ujiridhishe, ingiza fezi tatu zilizosawazika upande mmoja: mfuatano sifuri ni sifuri, mzunguko wa nyuzi 30 haupunguzi ukubwa, na rilei itaanza kwenye 0.20 pande zote mbili. Hesabu hii ni ya rilei iliyochukua upande wa nyota kuwa rejea. Kama yako imechukua upande mwingine, namba zitahama, na kitabu cha mtengenezaji kitakuwa na matriksi zake. Nakuomba uandike vizidishi hivi, 1.5 na 1.732, kwenye fomu yenu ya vipimo ili atakayekuja baada yako asifungue rilei nzima kutafuta ugonjwa usiokuwepo.

Nilisema rilei haiioni kontakti yake ilikokwenda. Niliwahi kuitwa kwenye kituo kimoja baada ya hitilafu ya laini kuachwa na rilei ya laini hiyo na kukatwa na ulinzi wa akiba wa transfoma, basibaa nzima ikazimika. Rekodi ya matukio ndani ya rilei ilikuwa safi: hitilafu ya ardhi ilitambuliwa, amri ilitolewa, muda ulikuwa sahihi. Ripoti za vipimo za miaka ya nyuma nazo zilikuwa safi. Tulipofuata nyaya tukakuta kwamba wapimaji wote walikuwa wakisimamisha saa ya mashine yao kwa kontakti ya ziada iliyowasha taa ya kengele, kwa sababu ncha zake zilifikika kwa urahisi mbele ya paneli. Kontakti iliyopeleka umeme kwenye koili ya kukatia ilikuwa imepangiwa hatua za fezi peke yake. Hatua ya ardhi haikuwemo kwenye mantiki yake. Kwa miaka ile yote ulinzi wa ardhi wa laini hiyo ulikuwa unawasha taa tu. Tangu siku hiyo sikubali ripoti isiyotaja namba ya kontakti iliyosimamisha saa, na sikubali kumaliza kazi bila kila hatua muhimu ya ulinzi kuikata breka halisi walau mara moja, kuanzia kwenye rilei hadi kwenye mlio wa breka yenyewe uwanjani. Maingizo nayo yapimwe kutoka mwanzo wake: kama rilei inatakiwa kujua kwamba breka imefunguka, ifungue breka na uone ingizo likibadilika kwenye skrini, badala ya kugusisha waya nyuma ya paneli.

Kwenye vituo vinavyotumia IEC 61850 (kiwango cha mawasiliano ya vifaa vya kituo), ambako amri inasafiri kama ujumbe ndani ya mtandao, hakuna linki ya kufungua. Kutenga kunafanywa kwa kuiweka rilei katika hali ya majaribio, ili kila ujumbe wake ubebe alama ya jaribio na rilei nyingine zilizo kazini zisiutii. Ipo pia hali ya majaribio yenye kuzuia, ambamo rilei inaushughulikia ujumbe lakini haifungi kontakti zake. Hii ni njia nzuri, ila inategemea kifaa kinachopokea kuiheshimu alama hiyo, na hilo lithibitishwe wakati kituo kinakabidhiwa, kabla ya basibaa kuwa na wateja.

Baada ya hayo yote linabaki jaribio ambalo mashine ya majaribio haiwezi kulifanya. Mashine yako inaingiza mkondo nyuma ya transfoma za mkondo, kwa hiyo haigusi kabisa namna zilivyounganishwa uwanjani. Transfoma au laini inapowashwa na kubeba mzigo wa kutosha kuzipa pembe maana, soma kwenye skrini ya rilei mikondo yote, volteji zote na pembe zake, na uzilinganishe na mita nyingine unayoiamini. Kwenye rilei ya tofauti ya mikondo, tofauti inatakiwa iwe karibu na sifuri. Ukiona inakaribia mara mbili ya mkondo wa mzigo, transfoma za mkondo za upande mmoja zimeunganishwa kinyume. Kwenye rilei yenye mwelekeo, uliza chumba cha kuongozea mitambo umeme unaelekea wapi saa hiyo, na uone kama rilei inakubaliana nao. Nusu saa hii, iwe ni baada ya rilei kufungwa au baada ya waya wowote wa mkondo kuguswa, naithamini kuliko siku nzima ya mikunjo.

Kwa rilei zenu, ningeanza na zile ambazo hakuna ripoti inayoonyesha breka ikikatwa kwa kontakti halisi, hata kama nukta zake zote za mkunjo zimeandikwa vizuri. Toa faili la mipangilio kwenye rilei kabla ya kugusa chochote na lilinganishe na lile lililoidhinishwa na mhandisi wa mipangilio. Litoe tena ukimaliza na ulinganishe mara ya pili, herufi kwa herufi, kwa programu wala si kwa macho. Andika pia toleo la programu ya ndani ya rilei, maana likibadilishwa, mantiki iliyopimwa jana inahitaji kupimwa upya. Halafu chukua ile karatasi ya linki, uzirudishe kwa mpangilio wa kinyume na ulivyozifungua: mikondo kwanza, ukiondoa waya za kufupisha baada ya linki kufungwa, volteji zifuate. Soma skrini uone mikondo ya fezi tatu imerudi na hakuna amri ya kukata iliyosimama, pima kwa voltimita kwamba hakuna umeme wa amri ukingoni mwa linki ya kukatia, na hiyo ndiyo linki ya mwisho kufungwa.